1080i, 1080p na kanda za harusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaulizwa na watu wa aina tatu hapa Nairobi: wanaotaka kanda za zamani zinakiliwe kabla hazijaoza, wanaonunua televisheni Luthuli Avenue na kukuta herufi zisizoeleweka kwenye boksi, na vijana wanaohariri video za harusi na ruracio (sherehe ya mahari). Yanaanza na mepesi. Kama una mkanda wa VHS mkononi na fundi anakusubiri, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kanda.

## Mambo ya msingi

Herufi "i" na "p" baada ya 576 au 1080 zina maana gani?

Nambari ni idadi ya mistari ya picha kutoka juu hadi chini. Herufi inaeleza mistari hiyo inavyofika kwenye skrini. "p" ni progresivu: kila fremu, yaani picha moja kamili, hupigwa na kuonyeshwa nzima, mstari wa 1, wa 2, wa 3, hadi wa mwisho. "i" ni intalesi: kwanza hupita mistari ya 1, 3, 5, 7 mpaka chini, halafu mashine inarudi juu na kupitisha 2, 4, 6, 8. Kila zamu huitwa fildi, na fildi mbili hukamilisha fremu moja.

Kenya ilifuata mfumo wa PAL, wenye mistari 625. Kati ya hiyo, 576 ndiyo inayobeba picha. Kila sekunde hupita fildi 50, kila moja ikiwa na mistari 288. Nambari hizo zitajirudia mara nyingi huku chini.

Kwa hiyo video ya "i" ni picha moja iliyokatwa vipande viwili?

Hapana, na dhana hii ndiyo imeharibu kanda nyingi kuliko vumbi na ukungu. Kamera ya intalesi haikupiga picha moja kisha ikaigawa. Ilipiga mara mbili. Fildi ya pili ilipigwa milisekunde 20 baada ya ya kwanza, na katika muda huo ulimwengu ulikuwa umesogea.

Fikiria shangazi anayepunga leso bibi harusi akitoka nje. Mkono ukienda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, utakuwa umesogea sentimita 4 kati ya fildi moja na inayofuata. Kanda ile imehifadhi mkono ukiwa mahali pawili tofauti, si pamoja. Sekunde moja ya harusi hiyo ina nyakati 50, si 25. Anayekuambia kwamba "PAL ni fremu 25 tu" yuko sahihi kwa hesabu ya fremu, lakini ukimfuata utapoteza nusu ya mwendo.

Mbona kwenye kompyuta naona kingo za watu zikiwa kama meno ya kitana?

Kwa sababu programu imeunganisha fildi mbili na kuzionyesha kwa wakati mmoja. Mistari ya 1, 3, 5 inaonyesha mkono ulipokuwa, na mistari ya 2, 4, 6 inaonyesha mkono ulipofika. Ukitazama ukuta nyuma ya watu, ni safi kabisa, kwa sababu ukuta haukusogea. Meno hutokea tu penye mwendo: mikono, vitambaa, gari linalopita, au kila kitu kamera yenyewe inapogeuzwa.

Mkanda haujaharibika. Meno hayo ni dalili kwamba fildi zako zote mbili bado zipo, na hiyo ni habari njema.

Basi progresivu ni bora siku zote?

Kwa video mpya, ndiyo, bila kusita. Kwa video iliyokwisha kupigwa kwa intalesi, kubadilisha vibaya kunaharibu kuliko kuiacha ilivyo. Mambo haya mawili watu huyachanganya, halafu wanaagiza kanda ya babu "ifanywe p" bila kuuliza itafanywaje.

Nani aliamua kugawa picha hivi, na kwa nini?

Wahandisi wa miaka ya 1930 walikuwa na tatizo la kweli. Skrini ya kioo cha kichogo humulika picha kisha mwanga hufifia haraka. Ukiimulika mara 25 kwa sekunde, jicho linaona inapepesa na kichwa kinauma. Ukituma picha nzima mara 50, upepesaji unapungua sana lakini unahitaji nafasi ya mawimbi mara mbili, na mitambo ya wakati huo haikuweza. Intalesi ilikata shauri: skrini imulikwe mara 50, lakini kila mara itumwe nusu ya mistari.

Mashindano ya hadharani kati ya njia hizi mbili yalifanyika London. Novemba 1936 BBC ilianza matangazo Alexandra Palace ikitumia mifumo miwili kwa zamu. Mfumo wa John Logie Baird ulikuwa wa mistari 240 kwa picha nzima, mara 25 kwa sekunde. Ule wa Marconi-EMI ulikuwa wa mistari 405 kwa intalesi, fildi 50. Kufikia Februari 1937 mfumo wa Baird ulikuwa umewekwa kando. Intalesi ilishinda kwa haki, maana kwa vifaa vya wakati ule ilikuwa na picha bora.

Kwa nini 50 na si 60?

Kwa sababu ya umeme. Uingereza hutumia Hz 50, nasi vilevile. Televisheni za mwanzo zilienda sambamba na umeme wa nyumbani ili mvumo wake usitembeze kivuli juu ya picha. Marekani ina Hz 60, na ndiyo sababu kanda za huko zina fildi takriban 60, kwa hesabu kamili 59.94. Hilo linaleta usumbufu wake, uliojibiwa mwishoni chini ya kanda za Marekani.

Nilidhani intalesi iliisha tulipohamia dijitali mwaka 2015.

Dijitali na progresivu ni mambo mawili tofauti. Kuzimwa kwa analogia kulibadilisha namna mawimbi yanavyobeba picha, si namna picha inavyopangwa. Chaneli ya dijitali inaweza kutuma 576i au 1080i bila tatizo lolote, na duniani matangazo mengi bado ni 1080i. Mwisho wa intalesi unaonekana kwenye 4K: kiwango cha 2012 cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa ajili ya 4K na 8K hakina intalesi kabisa.

## Skrini na ving'amuzi

Televisheni yangu ni bapa. Inaonyeshaje intalesi?

Haionyeshi. Skrini bapa za leo huwasha picha nzima, kwa hiyo ndani ya televisheni kuna chipu inayopokea fildi na kujenga fremu kamili kabla hujaiona. Chipu nzuri hufanya kazi hiyo usijue. Chipu hafifu huacha meno, au hulainisha kila kitu hadi nyasi za uwanja zinafanana na zulia.

Televisheni ya kichogo haikuhitaji kujenga chochote. Iwe Greatwall ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoendeshwa kwa betri ya gari, iwe ile kubwa ya sebuleni, mwale wake ulichora fildi moja baada ya nyingine kama zilivyopigwa. Ndiyo maana mzee anaposisitiza kwamba kanda ya harusi yake "ilikuwa laini zamani", anasema kweli. Alikuwa anaona nyakati zote 50.

King'amuzi kinaniuliza nichague 576i, 720p, 1080i au 1080p. Nichague ipi?

Swali la kujiuliza ni hili: kazi ya kuondoa intalesi nataka ifanywe na nani, king'amuzi au televisheni? Mmoja afanye, mara moja tu. Ukichagua "p", umempa king'amuzi. Ukichagua "i", umeiachia televisheni.

Kama televisheni yako ni nzuri na king'amuzi ni cha bei ya chini, jaribu 1080i kwanza, kwa kuwa chipu ya televisheni kwa kawaida ni bora. Kama televisheni ndiyo hafifu, jaribu 1080p. Pima kwa vitu viwili: maandishi ya habari yanayotembea chini ya skrini, na mpira unaopigwa pasi ndefu. Maandishi yakiwa na kingo zilizochanika, au mpira ukiwa na kivuli cha pili, badilisha. Ni kazi ya dakika chache na rimoti.

Kati ya 720p na 1080i, ipi ina picha nyingi zaidi?

Tufanye hesabu. Fremu ya 1080 ina nukta (pikseli) 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Kwa intalesi hupita fremu 25 kwa sekunde, hivyo nukta milioni 51.84. Fremu ya 720 ina nukta 921,600, na 720p hupita mara 50, hivyo milioni 46.08. Hazipishani sana. 1080p yenye fremu 50 ni milioni 103.68, na hapo unaona kwa nini watangazaji walisitasita.

1080i ina ukali zaidi picha inapotulia, 720p ina usafi zaidi picha inapokimbia. Marekani waligawanyika kabisa: ABC, Fox na ESPN walichagua 720p, CBS na NBC wakachagua 1080i. Kwa mpira mimi ningechagua 720p.

Kwa nini shati la mistari myembamba la mtangazaji hutetemeka?

Mstari mwembamba kama mstari mmoja wa skrini huwa ndani ya fildi moja tu. Unaonekana, unapotea, unaonekana, mara 25 kwa sekunde. Vikoi na suti za mistari vina tabia hiyo, na pia mistari myembamba iliyolala chini ya majina kwenye skrini. Ukitengeneza maandishi kwa ajili ya chaneli inayotangaza 1080i, fanya mistari iliyolala iwe minene kidogo au ilainishwe wima.

## Kanda za zamani

VHS yangu ni ya intalesi?

Ndiyo. Ndani ya deki kuna ngoma ya chuma inayozunguka mara 25 kwa sekunde, yenye vichwa viwili vilivyokaa pande mkabala. Kila kichwa kinapopita juu ya utepe kinasoma mchirizi mmoja ulioandikwa mshazari, na kila mchirizi ni fildi moja. Vichwa viwili mara mizunguko 25 ni fildi 50. Kanda za Video8, Hi8 na VHS-C nazo ni za intalesi. Mpangilio huu umo kwenye utepe wenyewe, si uamuzi wa fundi.

Ninakili kwa kifaa gani?

Kinachokamata fildi zote mbili na kuziacha zilivyo, kwa mistari 576 kamili na fremu 25 za intalesi. Hilo ndilo ombi la kumpa fundi, kwa maneno hayohayo.

Tahadhari na kile kiboksi kidogo cha kugeuza nyaya tatu za AV kuwa HDMI, kinachouzwa kila duka mjini. Kwa kutazama tu kinafaa. Kwa kunakili ni balaa mara mbili. Kwanza kinaondoa intalesi papo hapo kwa njia ya haraka haraka. Pili, vingi hutoa picha 60 kwa sekunde hata ukikipa PAL ya 50, kwa hiyo baadhi ya picha hurudiwa na mwendo unakwama kidogo kidogo. Ukimtazama mtu anayetembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine utaona anashtuka. Vifaa vingine vya USB navyo hutupa fildi moja kimyakimya. Jaribu kwa dakika moja ya mkanda wenye ngoma na wachezaji, kagua kwa njia iliyoelezwa chini ya "Nitajuaje", kisha ndipo ulipe.

Na MiniDV?

MiniDV ni dijitali tayari. Usiicheze kwa nyaya za AV. Tumia kebo ya FireWire, na kompyuta itanakili data ileile iliyoko kwenye mkanda bila kupoteza kitu. Saa moja huchukua takriban GB 13. Tafuta kompyuta ya zamani yenye tundu hilo, inastahili usumbufu.

Nilipewa MP4 yenye meno tayari. Inaokoleka?

Angalia kimo cha picha. Kikiwa bado 576, fildi zako huenda bado zimepangana na kazi inawezekana. Kikiwa 720 au 1080 kutokana na kukuzwa bila kuondoa intalesi kwanza, mistari ya fildi mbili imechanganywa pamoja, na hakuna programu itakayoitenganisha vizuri. Ukiona vivuli viwili badala ya meno, yaani mkono mmoja mzito na mwingine kama mzimu, mtu alizichanganya fildi kwa wastani, na hilo pia halirudi.

Katika hali hizo mbili rudi kwenye mkanda. Kwa sababu hii usitupe mkanda hata baada ya kupewa diski. Nalisema kwa msisitizo: familia nyingi zimetupa kanda wiki hiyohiyo zilipopokea nakala mbovu.

Nina VCD, si mkanda.

VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288, na 288 ni mistari ya fildi moja. Haina intalesi, ina mistari nusu na mwendo nusu. Icheze ilivyo. Ikiwa ilitengenezwa kutoka mkanda na mkanda bado upo, nakili mkanda.

## Kuondoa intalesi

Nitajuaje faili yangu ni ya intalesi?

Ifungue kwa VLC. Bonyeza D kwenye kibodi mpaka ikuambie uondoaji wa intalesi umezimwa. Tafuta mahali penye mwendo wa kulia na kushoto, simamisha, halafu bonyeza E kusogeza fremu moja moja. Ukiona meno, ni intalesi. Programu ya MediaInfo pia hukuandikia aina ya skani, lakini hiyo ni lebo tu iliyobandikwa na aliyetengeneza faili. Lebo ikipingana na macho, amini macho.

Kuna njia gani za kuiondoa?

Ya kwanza ni kuacha fildi zikiwa zimeunganishwa. Inafaa tu pale ambapo hakuna kilichosogea. Ya pili ni kutupa fildi moja na kunyoosha iliyobaki: meno yanaisha, lakini umebaki na mistari 288 na nusu ya mwendo. Ya tatu ni kuchanganya fildi kwa wastani, na hii ningeomba iachwe kabisa, maana inaleta ule mzimu wa hapo juu.

Njia inayofaa hukagua kila sehemu ya picha. Palipotulia hutumia mistari ya fildi zote mbili. Palipo na mwendo hukisia mistari iliyokosekana kwa kutazama majirani na fildi za kabla na baada. Vichujio vya Yadif na Bwdif hufanya hivyo, na Bwdif ndiye bora kati ya hao wawili. Kichujio kingine, QTGMC, hutoa matokeo mazuri zaidi ya hayo, ila ni ya polepole na kuisakinisha kunahitaji subira. Kwa kanda ya arusi moja muhimu, subira hiyo inalipa.

Nitoe fremu 25 au 50?

50. Kila fildi iwe fremu yake. Ukitoa 25 umetupa kila wakati wa pili ambao kamera iliuona, na densi inageuka kuwa ya kukatakata. Programu nyingi huchagua 25 zenyewe bila kukuuliza. Kwenye programu ya kubadilisha video ya HandBrake chagua Bwdif na mpangilio wake wa Bob, kisha weka fremu 50 zisizobadilika.

Kuna amri ya FFmpeg (programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika) ninayoweza kunakili?

`ffmpeg -i harusi.avi -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi.mp4`

Sehemu ya send_field ndiyo inayotoa 50 badala ya 25. Ile ya yuv420p huifanya faili icheze kwenye televisheni na simu za kawaida, kwani rangi zilizokamatwa kwa namna nyingine hukataliwa na vifaa vingi. Na usiifute harusi.avi. Hiyo ndiyo hifadhi, MP4 ni ya kutazamwa.

Baada ya kubadilisha, watu wanaenda mbele na kurudi nyuma kama wanatetemeka.

Mpangilio wa fildi umegeuzwa. Programu imecheza ya pili kabla ya ya kwanza, kwa hiyo muda unaenda hatua moja nyuma, tatu mbele. Kanda za DV huanza na fildi ya chini (mistari ya 2, 4, 6), video za 1080i huanza na ya juu (mistari ya 1, 3, 5). Ongeza parity: `bwdif=mode=send_field:parity=bff` kwa ya chini kwanza, au tff kwa ya juu. Kosa hili hutokea pia mtu akikata mstari mmoja juu ya picha kabla ya kuondoa intalesi: fildi zote zimehama nafasi.

Kanuni ni hii: kuondoa intalesi kunatangulia kukuza, kupunguza, kukata na kuzungusha.

Nimepakia YouTube, lakini mwendo si laini tena.

YouTube huonyesha fremu 50 au 60 kuanzia 720p kwenda juu tu. Faili ya mistari 576 itapunguzwa hadi 25. Baada ya kuondoa intalesi, ikuze: baada ya send_field ongeza `,scale=1440:1080,setsar=1` kwa video ya umbo la zamani la 4:3. Ukali hauongezeki, lakini mwendo unabaki.

Nitume kwa WhatsApp?

Tuma kama dokumenti, si kama video, la sivyo itabanwa upya. Na usitume iliyo na meno: ubanaji huyageuza kuwa ukungu wa kudumu.

## Kupiga video leo

Kamera yangu ina 50i, 25p na 50p. Nitumie ipi?

Hapa nambari si mistari, ni fildi au fremu kwa sekunde. 50p kama kadi na kompyuta vinaweza kuibeba, hasa kwa ngoma na michezo. 25p kama mteja anataka mwonekano wa filamu, na uamue hivyo wakati wa kupiga. 50i isipokuwa chaneli imekuagiza, achana nayo. Simu hupiga progresivu, kwa hiyo swali hili haliwahusu wenye simu.

Naona mistari mipana ya giza ikipanda kwenye video ya ukumbini. Ni intalesi?

Hapana, ni taa. Kwa umeme wetu wa Hz 50 baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda wa kupiga kila fremu, iwe sekunde 1/50 au 1/100 na mistari itatulia au kutoweka. Simu zikiachwa zijichagulie ndizo zinazopatwa zaidi.

## Mambo ya pembezoni

MediaInfo inasema intalesi, lakini sioni meno popote.

Huenda ni picha ya progresivu iliyofungwa ndani ya mkondo wa intalesi. Kamera nyingi zilirekodi 25p kwa mtindo huo. Fildi mbili ni za wakati mmoja, kwa hiyo ziunganishe tu na usitumie kichujio chochote. Filamu za sinema kwenye PAL ni hivyohivyo: fremu 24 zilichezwa kwa kasi ya 25, ndiyo maana zinaisha mapema kidogo na sauti iko juu kwa takriban asilimia 4.

Jamaa alituletea kanda kutoka Marekani.

Ni NTSC: mistari 480 yenye picha, fildi 59.94. Ikamate kwa mfumo wake, kwa deki inayousoma, na utoe fremu 59.94. Usiigeuze kuwa PAL, maana skrini za leo zinacheza zote mbili.

PlayStation 2 inaonekana chafu kwenye televisheni bapa.

Michezo yake mingi hutoa intalesi, na kiboksi cha AV kwenda HDMI kinaongeza uchafu wake na kuchelewesha vidole. Unganisha moja kwa moja kwenye tundu la AV au komponenti la televisheni na uwashe hali ya michezo. PlayStation ya kwanza ni kinyume: michezo yake mingi hutoa picha za progresivu zenye mistari michache, ambazo televisheni nyingi hudhani ni fildi na kuzichanganya.

Nataka picha moja ya marehemu kutoka mkanda, ya kuchapisha kwenye ratiba ya mazishi.

Tafuta wakati ambapo kichwa kimetulia kabisa, na unganisha fildi mbili ili upate mistari yote 576. Kama alikuwa akisogea muda wote, chukua kutoka faili ya fremu 50, ambako una nafasi mara mbili ya kupata macho yakiwa wazi. Iweke ndogo kwenye ukurasa. Kwa upana wa sentimita 5 au 6 itapendeza, kwa ukurasa mzima haitapendeza. Na hakikisha programu imenyoosha umbo, kwa sababu nukta za PAL si mraba na uso unaweza kuonekana mwembamba au mpana kuliko ulivyokuwa.

CCTV ya zamani imenasa gari, lakini nambari ya usajili imechanika.

Kamera za analogia za mistari 576 hurekodi kwa intalesi. Gari likikimbia, fildi mbili zina nambari mahali pawili. Zitenganishe: `-vf separatefields` kwenye FFmpeg hukupa kila fildi peke yake kama picha fupi ya mistari 288. Inyooshe wima mara mbili na usome herufi. Kisha angalia fildi zinazofuata pia, kwani herufi inayofichika kwenye moja mara nyingi husomeka kwenye nyingine. Fanya kazi kwenye nakala, na faili ya mashine ibaki kama ilivyotoka, kwa sababu polisi au bima wakiitaka watataka hiyo.